Swali la Saba

Fomu yako imefika, mfadhili, kurasa kumi na moja,
na swali la saba limeninyima usingizi:
"Taja idadi ya wanufaika, kwa jinsia na kwa umri."

Niko chumba cha juu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Chini yangu fundi Kihiyo ananyoosha rimu za baiskeli,
na nyundo yake inaingia mpaka kwenye taarifa ya habari.
Watu wamezoea. Wiki aliyougua
walipiga simu watatu kuuliza redio ina nini,
mbona haidundi?

Nianze na Bi Tuni wa Makorora, mpika vitumbua.
Redio yake haina mgongo, betri kazifunga kwa mpira wa tyubu.
Umri hajui, alizaliwa mwaka wa nzige.
Jinsia, andika mke,
ingawa akishika simu ya kipindi ni wanaume saba.

Kisha mlinzi wa ghala la katani
anayetusikiliza usiku kwa sikio moja,
la pili kawawekea wezi.
Huyo kwa hesabu yangu ni nusu.
Fomu yako haipokei nusu.

Na maiti je?
Yule kibarua wa Duga asiye na ndugu mjini,
Hemedi Semkiwa akamsoma saa moja na nusu asubuhi,
jina, ubini, saa ya kuzikwa,
wakaja watu mia mbili na ushei, wengine na majembe yao.
Yeye hakuwa na redio. Tangazo hakulisikia.
Nimwingize safu ipi?

Masika ya mwaka juzi Mto Zigi ulifura,
nguzo zikalala, simu zikafa,
likabaki jenereta lile la fedha yako
na lita ishirini za dizeli
alizokopa Riziki kwa jina la mumewe, mumewe hana habari.
Usiku kucha tulikuwa na neno moja tu:
Msivuke.
Hemedi alipokauka koo nikalishika mimi, nilipokauka akalishika Riziki.
Msivuke. Msivuke jamani.
Kulipokucha daraja halikuwepo.
Haya, wewe uliyesomea hesabu,
wasiovuka nitawapataje?
Hajapanda mtu ngazi hii kusema,
"Mimi ndiye yule ambaye sikufa."

Nisikufiche: fedha yako inaishia Juni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
nasi tumekula kwako miaka mitatu, jembe tunaliona pale mlangoni.
Tumeshaanza kulima.
Bajaji za Mgandini wanatoa mia tano mia tano kwa juma.
Mama mmoja wa Muheza kaleta gunia la machungwa,
"Yauzeni, mnunue waya."
Tuliuza nusu. Nusu tulikula, nayo nimeiandika kwenye matumizi.

Alikuja pia bwana mwenye maghala, na bahasha nene.
Angelipa umeme, leseni, mishahara, hata rangi ya ukuta.
Ila kijambo kidogo tu:
kile kipindi cha Alhamisi, cha ushuru wa soko,
kipumzike kidogo.
Riziki akamtilia chai, akamwongeza sukari.
Alikunywa, akashukuru,
akateremka na bahasha yake.

Basi swali la saba nimeliacha tupu.
Ukipata nafasi, njoo. Uje asubuhi.
Kaa kiti hiki kilichovunjika mkono, usikiegemee,
ufungue dirisha la barabarani.
Utasikia honi, utasikia muuza kahawa na vikombe vyake,
na nyundo, nyundo, nyundo.
Halafu Hemedi atasogelea kipaza sauti,
atakohoa pembeni, ataanza kusoma waliofariki.
Chungulia chini.
Fundi Kihiyo ameweka nyundo kwenye mchanga,
na mteja wake, mwenye haraka zake,
hamhimizi.